Kipande kipya cha bunduki kimefika na kovu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa kwetu Masindi, Uganda, mwenye bunduki ya leseni akiagiza kipande hukisubiri miezi. Kuna kibali, kuna malipo, kuna forodha, na simu kwa wakala kila wiki. Ndiyo maana kinapofika na kovu, moyo hukataa kuliona. Mtu hukipangusa kwa mkono wa shati, akasema "ni vumbi tu", akaanza kukifunga. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi. Mengi ni ya vitako vya mbao, kwa sababu mbao ndiyo huumia njiani. Mimi si fundi wa silaha. Ni mfugaji mwenye bunduki moja nzee, na makosa kadhaa utakayoyasoma humu niliyafanya mwenyewe.

Ninaposema kitako nina maana ya mbao nzima, kuanzia inapokaa begani hadi inapobeba mtutu. Pale pembamba, mkono wa kufyatulia unapokamata, napaita shingo.

Nimefungua boksi sasa hivi nikaona mkwaruzo. Nianze na nini?

Kiweke mezani, ukanawe mikono, urudi na simu. Piga picha boksi kwanza, pande zote, hasa pembe zilizobonyea na karatasi ya anwani. Kisha kipande kikiwa bado ndani ya boksi. Kisha kovu lenyewe kwa karibu, pembeni yake ukiwa umeweka sarafu ya 500, ile yenye korongo, ili anayetazama picha aone ukubwa.

Taa ya simu usiielekeze moja kwa moja juu ya kovu. Mbonyeo ukimulikwa kutoka juu hupotea kabisa. Kaa karibu na mlango asubuhi, mwanga uje kwa ubavu, kivuli ndicho kitakachoonyesha kina. Picha moja ya namna hiyo inashinda kumi za sebuleni usiku.

Mzigo umekuja kwa basi na kijana wa ofisi ya vifurushi anataka nisaini haraka. Nifanye nini?

Saini, lakini juu ya saini andika kwa mkono: "Boksi limebonyea, halijakaguliwa ndani." Atanuna. Mwache anune. Ukisaini patupu, siku ya kudai utaambiwa ulipokea mzigo salama, na saini ni yako.

Ni kovu dogo tu. Kwa nini unasema nisiliguse?

Kwa sababu ukishapitisha msasa, kitako ni chako. Sheria ya Uganda ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inampa mnunuzi nafasi ya kukagua, na ya kukataa bidhaa isiyolingana na walichokubaliana. Nafasi hiyo hufungwa ukionyesha kwamba umeipokea. Unaweza kusema umeipokea kwa mdomo. Unaweza pia kukaa nayo muda mrefu kupita kiasi bila kusema neno. Na unaweza kuifanyia jambo ambalo ni mwenye mali tu angelifanya, na kuipiga msasa ni jambo la namna hiyo.

Hili nililisomea kwa hasara. Kitako changu cha pili, cha mti wa jozi, kilikuja na mbonyeo wa ukubwa wa punje ya hindi karibu na shingo. Nikasema aah, hiki ni kitu cha dakika tano. Nikachukua msasa, nikasugua hadi mbonyeo ukaisha. Chini yake, mahali palipokuwa na vanishi nene, ukajitokeza mstari mwembamba kama unywele. Ulikuwa ufa, na ulianza pale pale kitako kilipopigwa. Nilipompigia muuzaji simu hakubishana hata. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, umekisugua?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Yakaishia hapo.

Nitajuaje kama dosari ni ya sura tu au inaharibu kazi?

Usiangalie ukubwa wa kovu, angalia liko wapi. Kuna mikwaruzo ya urefu wa kiganja isiyo na maana yoyote, na kuna alama ya ukubwa wa kichwa cha sindano inayotosha kurudisha kipande.

Kwenye kitako, shingo ndiyo ya kuogopa. Hapo mbao ni nyembamba, na bunduki inapopiga teke nguvu yote inapita hapo kwenda begani. Pa pili ni ndani, kwenye ukuta wa mbao unaopokea chuma cha mtambo, yaani sehemu ya kufyatulia ambamo mtutu umefungwa, wakati wa teke. Ufa wa sehemu hizo mbili usiusamehe, hata ukiwa mfupi. Ubavuni mwa kitako, au kwenye kisigino kinachogusa bega, kovu ni la macho tu.

Ufa na mkwaruzo vinafanana sana kwa nje. Mimi huvitenganisha hivi: ndani ya mfereji ambamo mtutu hulala mbao huwa haina vanishi nzito, basi napitisha pale kidole kilicholowa spiriti kidogo. Spiriti ya juu inakauka upesi, lakini iliyoingia kwenye ufa inachelewa, na kwa sekunde chache utaona mstari mweusi. Mkwaruzo hauna kina cha kushika maji hivyo. Halafu nashika kitako kwa mikono miwili, nakisokota taratibu kama mtu anayekamua nguo nyepesi, sikio likiwa karibu. Mbao nzima haisemi. Yenye ufa inatoa mlio mdogo, tik, kama unakanyaga kijiti kikavu.

Kwenye mtutu, ogopa mdomo. Ule ukingo wa mwisho, risasi inapotoka, ukiwa na jino hata dogo, hewa ya moto inatoka upande mmoja kabla ya mwingine, na risasi inasukumwa pembeni. Jino lile lile likiwa ubavuni mwa mtutu lingekuwa urembo. Dosari ya mdomo, ya chemba (risasi inapokaa) au ya bolti (chuma kinachoifunga kwa nyuma) haitengenezwi nyumbani. Ama irudi kwa muuzaji, ama iende kwa fundi mwenye leseni ya kazi hiyo.

Muuzaji amenirudishia sehemu ya pesa, na mbonyeo ni wa ubavuni. Sasa naweza kuutengeneza?

Sasa ndiyo. Lakini msasa uuache kabatini, kwa maana mbonyeo hautaki kuondolewa mbao. Nyuzinyuzi za mbao hapo zimelala tu, hazijakatika, na zikinywa maji na kupata joto zinavimba na kusimama tena. Ukisugua msasa unashusha sehemu nzima ifuate shimo. Ukitumia mvuke unapandisha shimo lifuate sehemu.

Ondoa kwanza kila chuma kwenye kitako. Lowesha kipande cha shati la pamba, kamua, kikunje mara mbili, kiweke juu ya mbonyeo peke yake. Gusa kwa ncha ya pasi yenye moto wa nguo za pamba kwa sekunde tatu hivi, mpaka uisikie ikilia chss. Inua, angalia, lowesha tena. Mara nne au tano zinatosha kwa mbonyeo mdogo. Kitambaa kisikauke chini ya pasi, mbao itaungua na utabaki na alama ya kahawia isiyotoka.

Pasi ya mkaa sikushauri, inadondosha cheche na majivu. Umeme ukikatika mimi huchukua kijiko cha chuma, nakipasha juu ya jiko la mkaa, nakipangusa masizi, nabonyeza kwa mgongo wake. Mke wangu hapendi vijiko vyake vitumike hivyo, lakini kwa mbonyeo mdogo kijiko ni kizuri kuliko pasi kwa sababu hakigusi mbao ya pembeni.

Mbao iliyopakwa mafuta hupokea mvuke vizuri. Iliyofunikwa kwa vanishi ngumu ya plastiki haipokei. Maji yanabaki juu na vanishi inageuka nyeupe kama jicho lenye mtoto. Hapo ama uishi na kovu ama utoe vanishi yote, na hiyo ni kazi ya wiki.

Baada ya mvuke acha kitako kivulini siku mbili kabla ya kupaka chochote. Msimu wa mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba, ongeza siku.

Na kama mbao imenyofoka kabisa?

Mvuke hausaidii, nyuzi zimeshaondoka. Kama kipande kilichonyofoka umekikuta ndani ya boksi, umepata bahati, kigundishe kile kile. Kama hakipo, watu hujaza kwa vumbi la mbao hiyo hiyo lililochanganywa na gundi ya epoksi. Itashika, lakini itaonekana daima, kwa kuwa gundi hainywi mafuta kama mbao.

Mikwaruzo midogo ya juu juu?

Mafuta ya kitani kidogo sana kwenye kitambaa, sugua kwa kufuata mishipa ya mbao, pangusa yote, rudia kesho. Ukilazimika kutumia msasa, usikaribie ukingo ambapo mbao inakutana na chuma au na mpira wa begani. Hapo mbao inatakiwa iwe sawa na chuma au juu yake kidogo. Ukiishusha, chuma kinabaki kimejitokeza kama meno ya mbuzi, wala huwezi kuirudisha. Sehemu zilizochongwa vikato vya kushikia usizipitishie msasa kabisa, mswaki mkuukuu unatosha.

Rangi nyeusi ya chuma imekwaruzika hadi chuma cheupe kinaonekana. Kitaoza?

Kikiachwa bila mafuta, ndiyo, na huku kwetu kwenye unyevu huhitaji kusubiri mwezi. Ile rangi ya bluu-nyeusi si rangi ya kupakwa. Ni tabaka jembamba la kutu nyeusi lililotengenezwa makusudi kiwandani ili kushika mafuta na kupunguza kutu nyekundu. Lenyewe halizuii maji, kinachozuia ni mafuta. Kwa hiyo dawa ya siku ya kwanza ni tone la mafuta ya bunduki na kitambaa, na kila ukishika kwa mkono wenye jasho, pangusa tena.

Kuna dawa ya maji inayorudisha weusi bila moto. Inafanya kazi kwenye alama ndogo, ukiisafisha sehemu mafuta yote kwanza. Ila nyingi zina chumvi za selenia, na hiyo ni sumu. Vaa glavu, kaa nje upepo unapopita, watoto wasikaribie, na usitumie kikombe kitakachorudi jikoni. Kwa maoni yangu, alama ya urefu wa kucha haistahili dawa hiyo. Mafuta tu.

Kama kipande ni cha alumini dawa hiyo haitafanya lolote, ni ya feleji, yaani chuma chenye kaboni, wala alumini haiozi kwa kutu nyekundu. Jaribu kwa sumaku, ikikataa kushika kuna uwezekano mkubwa ni alumini.

Darubini mpya ya kulengea ina alama za pete za kuifungia kwenye bomba. Nirudishe?

Alama peke yake, hapana, ila zinakuambia kwamba kuna mtu aliyeifunga kabla yako. Kama ulilipia mpya, hapo una neno la kumwambia muuzaji. Bomba likibonyea ni habari nyingine, maana ndani yake kuna bomba jingine linalosogea unapozungusha vifundo vya kulenga. Zungusha kila kifundo hadi mwisho na kurudi. Kikikwama mahali, irudishe. Ukiona ukungu ndani ya kioo asubuhi ya baridi, gesi iliyojazwa kiwandani imetoka. Hiyo nayo irudishe.

Muuzaji yuko nje ya nchi. Amesema "rudisha tu, nitakutumia kingine". Ni rahisi hivyo?

Yeye anaona rahisi kwa sababu kwake ni boksi. Kwako ni silaha. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 imeweka bidhaa za Sura ya 93 ya orodha ya forodha kati ya zile zinazozuiwa kuingia bila idhini, na Sura ya 93 haina bunduki nzima tu. Kifungu chake cha 93.05 ni cha vipande na vifaa vyake. Kitako cha mbao, hata kama kinafanana na mguu wa meza, kimo humo. Darubini ya peke yake, isiyofungwa kwenye bunduki, haihesabiwi katika sura hiyo. Iko Sura ya 90 pamoja na vioo vingine. Lakini hata hiyo uliza kwanza, kwa sababu afisa aliye mbele yako ndiye anayeamua mzigo unalala au unatoka.

Basi kurudisha kipande ni kukisafirisha nje, kwa kibali, na kuletewa kingine ni kukiingiza upya, kwa kibali kingine. Kibali cha kwanza kilikuwa cha mzigo wa kwanza. Usimruhusu muuzaji mkarimu akutumie cha pili kimya kimya. Kitanaswa uwanja wa ndege wa Entebbe, na jina lililoandikwa juu ya boksi litakuwa lako.

Ndiyo maana, kwa kovu la sura, mimi huomba punguzo badala ya kubadilishiwa. Naandika barua fupi, picha tatu, na sentensi moja: nitakipokea kikiwa hivi kilivyo ukinirudishia kiasi fulani. Taja kiasi. Ukisema "nisaidie chochote" utapewa samahani. Wauzaji wengi wa nje wakijumlisha gharama ya kurudisha na makaratasi ya upande wao, wanakubali haraka kuliko unavyodhani. Kwa ufa wa shingo, au jino la mdomo wa mtutu, usikubali punguzo. Hapo nenda polisi uulize utaratibu wa kurudisha, hata kama itachukua miezi.

Ofisi gani ya polisi?

Anza na kituo cha wilaya yako ambako leseni yako inajulikana, nao watakuelekeza makao makuu ya polisi Naguru, Kampala, ikibidi. Beba leseni, risiti, kibali cha kuingiza na zile picha. Bunduki yenyewe iache nyumbani ndani ya sefu isipokuwa afande amekuambia uilete.

Muuzaji ni wa hapa Uganda na anakataa kusikia. Nina njia gani?

Mwandikie barua ya kudai, ihifadhi nakala, mpe muda. Asipojibu, kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani chini ya Kanuni za 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi 10,000,000, na huhitaji wakili. Hakimu ataangalia tarehe. Aliyelalamika siku ya pili anasikika tofauti na aliyelalamika mwezi wa tatu.

Naweza kumpelekea seremala?

Mbao peke yake, ikiwa imetolewa kila chuma, seremala mzuri anaijua kuliko mimi. Maseremala wa Ndeeba, Kampala, wanaziba nyufa za viti usizione. Lakini bunduki nzima usimwachie mtu asiye na leseni, hata kwa saa moja, hata kama ni shemeji yako. Kumkabidhi silaha asiyeruhusiwa ni kosa kwako na kwake. Na kwa kuwa kitako nacho kinahesabiwa kipande cha silaha pale forodhani, muulize afande kabla hujakiacha gereji ya mtu.

Vipande vya chuma usivipeleke kwa wachomeleaji. Mafundi wa chuma wa Katwe, Kampala, wanaweza kukutengenezea karibu kila kitu, na nawaheshimu sana, lakini kutengeneza bunduki kwa biashara kunataka leseni yake. Zaidi ya hapo, joto la kuchomelea linalainisha chuma mahali kinapotakiwa kiwe kigumu, na kipande kama hicho kiko inchi chache kutoka usoni mwako.

Nimekifunga vizuri, lakini tangu mvua zianze bunduki haipigi pale inapolenga. Ni lile kovu?

Inawezekana ni pale ulipolitengeneza. Mbao iliyobaki wazi baada ya msasa au mvuke inakunywa unyevu upande mmoja, inavimba, na kusukuma mtutu. Hakikisha bunduki haina risasi, angalia kwa macho, kisha ingiza kidole kwenye chemba uhakikishe mara ya pili. Sasa chukua noti ya shilingi 1,000, ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mbele kurudi nyuma. Kama mtutu wako umetengenezwa uelee bila kuguswa na mbao, noti itateleza hadi karibu na mtambo. Inapokwama ndipo mbao inapogusa. Bunduki nyingine, hasa za zamani, zilitengenezwa ziguse mbele makusudi, hizo usizichimbe.

Mara nyingi tiba ni kukausha kitako kwa siku kadhaa ndani ya nyumba, halafu kupaka mafuta hata mle ndani kusikoonekana. Wengi hupaka nje tu, kwa ajili ya wageni.

Naweza kuijaribu kwa kupiga risasi shambani kwangu?

Leseni ya bunduki haikupi ruhusa ya kufyatua popote. Uliza polisi mahali pa shabaha panapokubalika. Na usiseme unajaribia kanga au ngiri: kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na hiyo ina makaratasi yake mengine.

Kitambaa chenye mafuta ya kitani nikitupe wapi?

Usikikunje, na usikitupe kwenye ndoo ya takataka. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kikiwa kimefinyangwa joto halipati pa kutokea, linajikusanya hadi kinashika moto chenyewe, bila kiberiti. Changu nilikiweka ndani ya kopo karibu na banda la kuku. Jioni nikasikia harufu kama ya samaki aliyeungua, nikashika kopo, nikaliachia papo hapo. Siku hizi nakitandaza kwenye waya wa nguo, mbali na ukuta, mpaka kiwe kigumu kama bati.